Mkoba wa Zuhura na Gauni la Mnadani

Mwanangu Rehema,

Umetoka kwenda kuwaaga watu wa mtaa wa Ng'ambo, na ninavyowajua watakukalisha, watakuchemshia chai, watakuambia umekonda, kwa hiyo nina nafasi ya kutosha. Nimekaa kwenye kiti cha marehemu baba yako mkubwa, dirisha wazi, jua la alasiri limenifika miguuni. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji ya kunywa wala za kufunga mlango vizuri. Hayo nimeyasema mpaka wewe mwenyewe unanimalizia sentensi. Nataka kukuandikia habari ya mkoba.

Juzi nilipoutoa sandukuni nikakupa, nilidhani utafurahi. Ukarudi nyuma kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. Ukasema, "Mama, huo sitauweza. Kwenye ofisi ya mawakili, Dodoma, nitavaa nguo zako za mnadani, halafu begani nining'inize mkoba wa Italia? Watasema ni feki. Na wakijua si feki, watauliza nani kanihonga."

Nikacheka. Nikaanza kukuonyesha shati jeupe lile, na sketi nyeusi, jinsi vitakavyokaa nao. Ukanikatiza. "Si hilo," ukasema. "Unajua si hilo." Ukakaa sakafuni, na kwa mara ya kwanza ukanisimulia ile siku ya wazazi kule shuleni Nzega. Ulipofika pale pa "alisema ndiyo, Mama, alisema ndiyo," ukaficha uso magotini. Na mimi, ambaye nina maneno ya kumuuzia mtu koti la baridi mwezi wa kumi hapa Tabora, nikakosa hata moja. Nikakushika kichwa tu.

Sasa yamenijia. Nayaandika kwa sababu mdomoni yatanishinda tena.

Zuhura, mama yako aliyekuzaa, alikuwa mdogo wangu wa kunifuata. Nilimbeba mgongoni kabla sijajua kusoma. Baba yako alipokwenda machimboni upande wa Mpanda, mwanzoni alipiga simu kila Ijumaa, kisha akapiga siku aliyojisikia, kisha akanyamaza moja kwa moja, na wewe ulikuwa ndiyo kwanza unashika kuta kujifunza kutembea. Zuhura hakumlaani. Alikaa nami hapa Ipuli, akanisaidia kuuza mitumba, mpaka alipotokea jirani mwenye ndugu zake Muscat akasema kuna bibi mzee huko anatafuta mtu wa kumtunza, na anataka mtu wa Tabora, si wa mahali pengine popote.

Asubuhi ya kuondoka alikuvalisha gauni lako la njano huku umelala. Alitaka kukuamsha. Mimi ndiye niliyemwambia, "Nenda hivyo hivyo, usimtie mtoto kilio." Nilidhani nakuhurumia. Uliamka ukamtafuta chumba hadi chumba, uani, chooni, nyuma ya pipa la maji. Hukulia hata kidogo. Ulimtafuta tu, na jioni ukaja ukalala kifuani kwangu kama mtu aliyemaliza kazi. Mimi Mungu hakunijalia mtoto wa tumbo langu. Siku uliyoniita Mama kwa kukosea, nilikuwa naanika nguo, nikaacha kamba nikaitika. Ningeweza kukusahihisha. Nilikuwa na siku nyingi za kukusahihisha, na kila siku niliiahirisha, mpaka yeye akawa Mama Zuhura na mimi nikawa Mama.

Alipopiga simu nilikuita. Ulikuja, ukasema, "Shikamoo, Mama Zuhura," ukasikiliza marahaba yako, ukakimbia kurudi kucheza rede. Ada yako, viatu, miwani yako ya kwanza, vyote vilitoka kwake. Nilikuambia, na ulijua. Lakini kitu kinachofika kwa njia ya simu hakina uso wa mtu, na mtoto anapenda uso anaouona asubuhi akiamka. Sikulaumu. Nakueleza tu ilivyokuwa.

Bibi ambaye Zuhura alimtunza huko aliitwa Bi Thuraya. Huyo alizaliwa hapa hapa Tabora, nyumba za nyuma ya soko, akaondoka msichana na wazazi wake wakapita njia ile ile ya kwenda pwani waliyopita watu wote wa zamani, kisha wakavuka bahari asirudi tena. Zuhura aliniambia Kiswahili cha yule bibi kilikuwa cha hapa kabisa. Akikohoa usiku alimwita Zuhura "mayo", kama Wanyamwezi wanavyomwita mama. Mabinti zake walikuwa watu wazuri, lakini Kiswahili hawakukijua, kwa hiyo kwa miaka yote ile mtu wa kuzungumza naye kwa lugha ya utotoni mwake alikuwa mama yako peke yake. Alimuuliza kuhusu matobolwa, kama viazi bado vinakaushwa vile vile. Alimuuliza kama bado asali inauzwa kwa vibuyu.

Alipokaribia kwisha, yule bibi aliomba aletewe mkoba wake wa safari, wa ngozi, rangi ya damu ya mzee, ambao mwanawe wa kiume alimnunulia Ulaya. Akampa Zuhura mbele ya watoto wote. Binti mmoja akauliza kwa Kiarabu, ambacho mama yako alikuwa ameshakishika, "Mama, huyu ataupeleka wapi mkoba kama huu?" Bi Thuraya akamjibu, "Ataupeleka Tabora. Mimi siwezi."

Ndiyo historia ya mkoba. Hakuuiba, hakuhongwa, hakuununua kwa pesa ya ada yako, kama watu walivyokuja kusema.

Nilikwenda kumpokea stesheni. Nilitegemea masanduku, sitakuficha. Wote waliorudi kutoka Uarabuni niliowaona walirudi na masanduku. Akashuka na begi moja la nguo, dera limepauka mabegani kwa jua, kandambili miguuni, na begani mkoba ule unang'aa kama tunda. Wapagazi wakamtazama mara mbili.

"Dada, mbona unaangalia nyuma yangu?" akaniuliza.

"Naangalia mizigo yako iliko."

"Mzigo ndio mimi," akasema, akacheka, akanikumbatia. Alikuwa amepungua. Mkoba ulitubana katikati.

Hakutaka kwenda nyumbani kwanza. Tulipanda bodaboda mbili mpaka sokoni, tukazunguka nyuma, akauliza wazee wawili watatu, mpaka tukafika mahali ambapo nyumba ya kina Bi Thuraya ilikuwa. Sasa hivi pale kuna duka la vifuniko vya simu na la muuza magodoro. Zuhura akasimama katikati ya njia, watu wakimpita, akaushusha mkoba begani, akaufungua zipu, akaufunga. "Tumefika, Bibi," akasema. Kisha akanigeukia. "Haya, sasa nipeleke kwa mwanangu."

Wewe ulikuwa unatoka shule ya msingi, umevaa sare, na ulimwamkia vizuri sana. Vizuri mno. Ulimwamkia kama mgeni.

Mji ukaanza maneno. Hapa kwetu mtu akivaa dera la kawaida akabeba kikapu, hakuna anayemwona. Zuhura alikwenda mnadani na dera lake na mkoba ule, akanunua dagaa na mkoba ule, akaja msibani na khanga mbili na mkoba ule. Alisema hana mwingine, na mkoba kazi yake ni kubeba vitu. Basi wanawake wakagawanyika makundi mawili. Kundi moja lilisema ni feki ya Kariakoo. Jingine lilisema ni wa kweli, kwa hiyo ama ameuiba kwa tajiri wake, ama kuna mambo hayasemeki. Hakuna kundi lililosema huenda amepewa na mtu aliyempenda.

Na mimi sikuwa bora. Nilimwambia auuze. Alipatikana mtu, mke wa mfanyabiashara wa tumbaku wa Usoke, aliyeutaka. Nikamwambia, "Zuhura, mkoba huu na nguo zako haviendani. Ama upandishe nguo, ama ushushe mkoba." Alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Dada," akasema, "kwani nani aliyesema lazima nifanane juu mpaka chini?" Nikaona ni kiburi cha Uarabuni. Leo nikilikumbuka swali lile nakaa nalo muda mrefu.

Kisha ukaenda bweni Nzega, kidato cha kwanza.

Siku ya wazazi nilikuwa na homa. Zuhura akasema atakwenda peke yake, na nilimwona jinsi alivyofurahi kwamba mimi naumwa. Alikaanga maandazi alfajiri, akakupikia kuku, akaoga mara mbili. Akavaa gauni la mtumba la mauamaua mekundu na ya chungwa, limemzidi mabegani, na zile kandambili kwa sababu viatu vyake vilikuwa vinambana, na mkoba. Nilimwona anatoka getini. Ningeweza kumwita arudi nimpe viatu vyangu. Niligeukia ukutani nikalala.

Yaliyotokea huko ulinisimulia juzi, na hayapishani na alivyonisimulia yeye. Mlikuwa mmekaa kwenye majani, wewe na marafiki zako watatu, wazazi wao wamekuja na magari. Mmoja akamwona anakuja, akasema, "Tazameni yule mama, pochi ya tajiri na ndala za bafuni." Wakacheka. Mwingine akakuuliza, "Rehema, anakuja kwetu, ni nani wako?" Na wewe ukasema, "Ni dada wa kazi wa nyumbani."

Alikuwa karibu kuliko ulivyodhani. Alisikia. Yule msichana akamgeukia akamuuliza kwa adabu, "Eti wewe ni dada wa kwa kina Rehema?" Na Zuhura akasema, "Ndiyo. Mama yake anaumwa, kanituma niwaletee maandazi."

Akakaa nanyi. Akawagawia. Akaondoka.

Uliniambia juzi kwamba umeishi na ile "ndiyo" miaka yote, kwamba hata ukiwa chuoni ukisoma usiku ilikuwa inakujia. Uliniambia, "Mama, alikufa akidhani namwonea aibu." Sikiliza sasa upande ambao hukuuona, kwa sababu mimi nilikuwepo na wewe hukuwepo.

Alirudi na basi la jioni. Nilikuwa nimekaa barazani nimejifunika. Akakaa kwenye kigoda, akavua kandambili, akazitazama. Akanieleza yote bila kuruka neno. Nikachemka. Nikasema, "Kesho mimi nakwenda Nzega, huyu mtoto nitamfunza adabu mbele ya shule nzima."

"Huendi popote," akasema.

"Zuhura, amekukana!"

"Ana miaka mingapi, Dada? Wewe kwenye umri ule ulikuwa unamkimbia mama sokoni kwa sababu alikuwa anauza samaki wakavu." Na ni kweli, nilikuwa namkimbia. "Mimi ndiye niliyemtokea vile. Mtoto kanizoea kwenye simu, halafu namwendea mbele ya wenzake nimevaa kama nimeokotwa. Ningekuwa mimi ningejificha."

"Sasa kwa nini ulisema ndiyo?"

Akazipanga kandambili ukutani. "Ningesema hapana, angeaibika mbele yao muhula mzima. Mimi nilikuwa naondoka na basi."

Alilia, usiambiwe hakulia. Aliingia ndani akalia kwa sauti, nami nikamfuata. Lakini asubuhi aliamka na jambo moja kichwani. Siku nyingine ya wazazi ilikuwa muhula unaofuata. Alisema, "Dada, wewe ndiye unayejua nguo. Nitafutie nguo ya kubebea huu mkoba. Sina pesa ya nguo ya dukani, na mkoba siuzi. Tafuta humo humo kwenye mitumba."

Rehema, mwanangu, zile wiki zilikuwa za furaha kuliko zote nilizoishi na mdogo wangu tangu tukiwa wasichana. Kila belo la mitumba lililofunguliwa sokoni tulikuwa wa kwanza. Tulikwenda mnada wa Ipuli, tulikwenda mpaka Usoke wakati wakulima wameuza tumbaku na wachuuzi wamejaa. Kila nguo tuliyoipata aliivaa juu ya dera, akatundika mkoba, akasimama mbele ya kioo changu cha kibandani kilichopasuka kona.

Kwanza tulijaribu gauni la kijani la majani makubwa makubwa. Mkoba ukapotelea humo kama kuku vichakani. Tukajaribu la kung'aa, la sherehe, lenye nyuzi za dhahabu kifuani. Nikamwambia, "Sasa unaonekana umeviiba vyote viwili." Tulicheka mpaka wateja wakasogea kuangalia kuna nini. Tukajaribu suti ya kizungu, mabega yamejazwa sponji, akasema anajiona kama kabati.

Ndipo nikaanza kuelewa. Nilikuwa natafuta nguo ya kushindana na mkoba. Mkoba ule ulikuwa unazungumza peke yake, na nguo ilitakiwa inyamaze. Lakini inyamaze kwa heshima, isiwe imenyamaza kwa sababu imechoka.

Tulilipata chini kabisa ya fungu, limekunjamana. Gauni la bluu iliyokolea, pamba nzito, mikono mirefu, halina ua wala mstari. Nembo ya shingoni ilikuwa imekatwa. Zuhura akaligeuza akasema, "Hili halina jina."

"Mkoba una jina la kuwatosha wote wawili," nikamwambia.

Nililifua mara mbili na kulianika kivulini. Nikalipunguza mabegani, nikashusha pindo likafika kwenye kifundo cha mguu. Vifungo vilikuwa vya plastiki ya kupasuka, nikaving'oa nikaweka vya mbao, vilivyotoka kwenye koti moja bovu. Fundi viatu akamshonea soli mpya kwenye viatu vyeusi vya kufunika, vya chini, tukavipaka rangi. Mtandio wa rangi ya maziwa. Basi. Hakuna hereni za kuning'inia, hakuna bangili.

Siku ya kujaribu yote pamoja alitoka nyuma ya pazia la kibanda akatembea kati ya meza za soko kwenda na kurudi. Unamkumbuka Mama Nyanzala, Msukuma wa Igunga, anayeuza karanga meza ya jirani? Alimwona Zuhura kila siku. Siku ile alisimama akafuta mikono. "Mayo!" akasema. "Shikamoo, mwalimu. Karibu karanga."

Zuhura akarudi mbio nyuma ya pazia amejiziba mdomo. "Kaniita mwalimu! Dada, kaniamkia!"

Kuanzia pale akawa anafanya mazoezi. Anasimama mbele ya kioo, ameshika mkoba mbele kwa mikono miwili, anawasalimia rafiki zako wasiokuwepo. "Hamjambo? Mimi ni mama yake Rehema." Halafu anabadilisha. "Hamjambo, mabinti? Mimi ndiye mama yake mzazi." Halafu ananiuliza, "Nikisema mzazi, wewe utaumia?" Nikamwambia sitaumia. Niliumia kidogo, lakini neno lile lilikuwa haki yake.

Hivyo ndivyo alivyokuwa anakufikiria. Si mwanamke aliyekanwa. Alikuwa mwanamke anayejiandaa kuja kukuona.

Presha alikuwa nayo, na hakuniambia. Kichwa kilimuuma Usoke siku moja tukasema ni jua. Wiki moja kabla ya siku ya wazazi alianguka uani akiwa anateka maji. Hospitali walimhudumia kwa moyo wote, lakini upande mmoja wa mwili ulikuwa umeshaondoka. Nilikaa naye. Vitu vyake vyote tulivitia kwenye mkoba ule: sabuni, khanga, kikombe, mswaki.

Watu watakuuliza alisema neno gani la mwisho. Hakusema neno la kuandikwa. Ulimi ulikuwa mzito, ikabidi niinamishe sikio. Aliuliza kama gauni limepigwa pasi. Nikamwambia tayari. Halikuwa limepigwa.

Alifariki kabla hakujapambazuka vizuri. Wanaume walitaka kutuma mtu Nzega akuchukue wewe, nikakataa. Nilitoka hospitali moja kwa moja mpaka kituo cha basi bila kupita nyumbani, na mkoba begani kwa sababu ndimo zilimokuwa khanga zake. Ulitolewa darasani. Uliutazama mkoba kabla hujanitazama mimi, na ukajua. Njia nzima mpaka Tabora ulikaa dirishani, umeupakata. Nilikuona unaushika zipu, unaiachia, unaishika tena.

Nilitakiwa kukuambia siku ile habari ya gauni. Ningekuambia mle mle kwenye basi, usingebeba ile "ndiyo" miaka yote hii. Nilidhani nikikuambia alikuwa anajiandaa kuja, nitakuzidishia maumivu. Na wewe ulinificha siku ya wazazi ukidhani sijui. Tumekaa nyumba moja, sufuria moja, kila mmoja anamlinda mwenzake na kitu ambacho wote wawili tulikuwa nacho.

Na gauni lenyewe siwezi kukupa. Ndilo linaloniuma zaidi. Baada ya arobaini nilirudi sokoni, likawa linaning'inia kwenye msumari nyuma ya pazia, na kila nilipoingia niliona mtu. Siku moja sikuvumilia, nikalitupa juu ya fungu pamoja na mengine. Kabla sijajirudi, mwanamke mmoja wa Tura aliyekuja kwa treni kuuza asali akalichomoa. Alilipima kifuani, akauliza kama anaweza kulivaa pale pale. Lilimkaa vizuri. Alifurahi, akageuka geuka mbele ya kioo kile kile. Ningeweza kusema haliuzwi. Nikamfungia nguo yake ya zamani kwenye mfuko, nikamtakia safari njema. Jioni nilimwambia Mama Nyanzala, akaacha kuuza, akakaa nami chini mpaka soko likafungwa.

Kwa hiyo kesho treni ikisimama Tura usitoe kichwa dirishani kuwatazama wauza asali nguo zao. Mimi nimefanya hivyo kila nilipopita, na halileti kitu. Gauni limeshachakaa, limekuwa kitambaa cha kufutia mtoto wa mtu, na ni sawa.

Mkoba nimekuwekea kitandani. Nimeupangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, nimeujaza magazeti usijikunje. Usipoutaka, uache hapo, nitauweka, na sitakuuliza. Lakini ukiuchukua, usiuchukue kama adhabu. Na usijinunulie nguo za gharama kwa ajili yake, kama nilivyotaka mama yako afanye. Kwenye begi lako nimekutilia mashati mawili, sketi ile nyeusi, na suruali ya kijivu niliyoibana kiunoni. Zote za mnadani, zote zimekaa. Dodoma nako kuna minada, utapata nyingine ninazozikosa mimi. Sijui nini kitakupendeza huko, kwa sababu sijakuona bado ukiwa mtu wa huko. Utalitafuta la kwako, utajaribu mabaya kwanza, na natumaini utapata mtu wa kucheka naye mbele ya kioo.

Ofisini wakisema ni feki, waache. Wakisema umehongwa, waache pia, japo hilo linauma. Ukimpata mmoja anayeuliza kwa nia njema, msimulie. Unayo sasa yote.

Umeniita Mama tangu siku ile ya kamba ya nguo, na sikurudishii jina hilo. Lakini yeye pia alikuwa analifanyia mazoezi, na alikuwa amefika mahali analisema vizuri sana.

Nakusikia getini unamwamkia jirani. Naikunja hii, naiweka juu ya mkoba hapo kitandani, uisome usiku huu ukiwa peke yako, usiisome kwenye treni mbele za watu. Usinijibu kwa barua, mwandiko wako siuwezi. Nipigie simu asubuhi ya kwanza ya kazi kabla hujatoka chumbani, uniambie umevaa nini.

Mama yako,
Asha